Fundi anajibu: nishike wapi fremu ya baiskeli ninapoipaka rangi?

Swali: "Fundi, shikamoo. Marehemu babu aliniachia Phoenix yake. Nimeivua kila kitu, nimeipiga msasa hadi chuma, nikaitundika kwa kamba kwenye mwembe na kuipuliza kwa rangi ya makopo. Kila nikipuliza inazunguka, mara ikajigonga kwenye shina, na chini ya mabomba rangi imelia machozi. Jiliwa la kubania vyuma sina, na hela ya kununua stendi sina. Nilicho nacho ni bomba la maji la nusu inchi, mbao, ndoo mbili na matairi mabovu. Naishikaje fremu hii ili nirudie kazi nisiaibike? Mimi ni msomaji wa kike, Shinyanga."

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa wasiwasi, hayo machozi hayakutoka mkononi mwako peke yake. Rangi ikitua kwenye chuma hubaki maji kwa dakika kadhaa, na maji yanajua njia moja tu. Bomba la baiskeli ni la mviringo, kwa hiyo rangi iliyotua mgongoni inateleza pande zote mbili, inakutana tumboni, na hapo ndipo tone linapoota. Ukipunguza rangi utapunguza machozi. Dawa yenyewe lakini ni kuigeuza fremu: tumbo liwe mgongo kabla tone halijajikusanya. Kamba ya mwembeni haiwezi kazi hiyo. Inakuruhusu kuizungusha fremu kushoto na kulia, lakini chini inabaki chini ile ile mpaka rangi ikauke.

Kwa hiyo unatafuta kitu kinachoweza kuipindua fremu mzima mzima bila kidole chako kugusa rangi. Na kitu hicho kiishike wapi? Iangalie fremu yako ilivyo sasa, tupu. Ina sehemu ambazo rangi haitakiwi kuingia hata kidogo. Kuna tundu la bomba la siti. Kuna tundu la kichwa, pale inapopita foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kuna boksi la chini inapokaa ekseli ya pedali. Na kuna ile midomo miwili ya nyuma inayoshika ekseli ya gurudumu. Rangi ikiingia kwenye bomba la siti, nguzo ya siti itakwama au itakwangua. Ikijaa kwenye nyuzi za boksi, ile mifereji ya kukazia, vikombe vinavyoshika gololi havitaingia sawasawa na utaishia kuharibu nyuzi. Ikiwa nene kwenye midomo, nati itaiponda, na wiki ya pili gurudumu litakuwa limelegea. Basi sehemu hizo hizo ambazo ungelazimika kuziziba ndizo za kushikia. Fundi anayeshika fremu kwa nje, hata kama amezungushia kitambaa, atalazimika kurudi kupaka alipokuwa ameshika, na kiraka kitaonekana.

Nakuambia haya kwa kuwa nami nimepitia mtini. Miaka ile najifunza kazi niliitundika fremu ya mteja kwenye mpera nyuma ya nyumba, rangi nyekundu, mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho, nikaenda kula. Niliporudi sisimizi walikuwa wameshuka na kamba kama watu wanaoshuka ngazi, na walioifikia fremu hawakuondoka tena. Niliwatoa mmoja mmoja kwa sindano. Tangu siku ile, kitu chochote ninachokitundika kinapakwa grisi kidogo kwenye waya, shubiri moja juu ya fremu, na mdudu anakomea hapo.

Simaanishi kwamba kutundika ni kubaya kabisa. Kwa praima, ile rangi ya kwanza ya msingi, kunatosha, maana praima ni nyepesi, inakauka haraka na utaipiga msasa hata hivyo. Ukitundika, tumia waya laini wa kufungia nondo badala ya kamba. Upitishe ndani ya tundu la kichwa utokee upande wa pili, ukunje ncha iwe ndoana. Waya wa pili upitishe ndani ya boksi la pedali. Sehemu mbili zikishikwa juu, fremu haizunguki. Ikiendelea kupepea, funga waya wa tatu kwenye mdomo wa nyuma na uning'inize jiwe la kilo mbili hivi. Hapo itatulia kama timazi ya mwashi. Wanaopaka rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri kama ya madirisha ya alumini, nao hutundika kwa ndoana, lakini wana sababu yao: unga unavutwa na umeme, na ndoana lazima iguse chuma kitupu ili umeme upite. Halafu unga haulii machozi wakati wa kupulizwa. Wewe una rangi ya maji maji, usiige.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Vitu ulivyovitaja vinatosha na kubaki.

Bomba la maji la chuma linaloitwa la nusu inchi lina unene wa nje wa milimita 21.3. Hilo jina la nusu inchi ni la tundu, na hata tundu lenyewe halifuati jina. Baiskeli nyingi nzito za mtindo huu, za Phoenix, Raleigh na ndugu zao, zina bomba la siti lenye tundu la inchi moja hivi, yaani milimita 25.4. Kwa hiyo bomba lako linaingia na kubakiza nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo tunayoitaka. Usikubali mtu akuletee bomba la robo tatu akisema ni imara zaidi. Lile ni milimita 26.9 kwa nje, halitaingia. Linafaa kwa baiskeli za kisasa zenye tundu la 27.2, na hata huko linaingia kwa kubana.

Chukua kipande cha bomba chenye urefu wa mita moja. Mwisho mmoja, ule utakaoingia ndani ya fremu, uzungushie ukanda wa tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, ukiuvuta kwa nguvu huku unapanda kama unavyofunga bandeji. Acha sentimita 20 za bomba ziwe zimevikwa. Jaribu kuliingiza kwenye bomba la siti. Likiingia kwa ulegevu, ongeza zunguko. Unataka liingie kwa shida kidogo, ukilisukuma na kulipinda. Likigoma, lowesha mpira kwa maji ya sabuni, litateleza, na sabuni ikikauka mpira unauma chuma. Usitumie grisi wala mafuta hapa, hata kama mkono unakutuma, maana mafuta yatapanda hadi mdomoni mwa bomba na rangi ya pale itakataa kushika. Mpira uanze sentimita mbili ndani ya tundu, usichungulie nje, la sivyo rangi itaungana nao na siku ya kulitoa bomba utabandua ukingo. Kwa uhakika zaidi rudishia bolti kuukuu ya siti na uikaze kidogo tu.

Mwisho wa pili wa bomba una nyuzi, au unaweza kuomba fundi bomba akuwekee. Funga elbo, kile kiungo cha kona, na kwenye elbo funga kipande cha bomba cha sentimita 30. Huo ndio mshikio wako. Ukiuzungusha mshikio, fremu nzima inazunguka kule kwenye mwisho mwingine wa bomba. Rangi hujaigusa.

Kinachobaki ni pa kulaza bomba. Simamisha mbao mbili za inchi mbili kwa nne, zitenganishe kwa nusu mita hivi, na uziunge chini kwa ubao wa kulala ili zisianguke. Juu ya kila ubao kata kwa msumeno mdomo wa pembetatu, kina cha sentimita tatu. Huna haja ya keekee. Laza bomba kwenye midomo hiyo miwili. Halafu kata vipande viwili vya tairi bovu, upana wa kiganja, upitishe kimoja juu ya bomba kwenye kila ubao, ukivute na kukipigilia misumari pande zote mbili. Tairi ndiyo breki. Ikikazwa vizuri, bomba litazunguka ukilizungusha na litasimama ukiliacha, mahali popote. Nimeona watu wanatoboa bomba matundu manane na kuchomeka msumari kulizuia, wanajisifu. Mtambo wao unasimama sehemu nane tu. Wa tairi unasimama unapotaka.

Bomba liwe juu kiasi gani? Kutoka bomba la siti mpaka kichwa cha fremu ni kama sentimita 60 kwenye baiskeli kubwa kama yako, na hicho kichwa kitapita chini unapozungusha. Kwa hiyo sentimita 90 kutoka ardhini ni salama, na kwa urefu huo huinami sana. Upande wa mshikio weka uzito kwenye ubao wa chini. Ndoo ya lita 20 ikijazwa mchanga mkavu inafika kilo 30 na kitu, na fremu yako pamoja na kila kilichoungwa nayo haitaitingisha.

Utagundua jambo moja mara tu utakapoichomeka fremu. Itataka kujigeuza ili kichwa kishuke chini. Ni kwa sababu pembetatu ya mbele ni nzito kuliko miguu ya nyuma, na mhimili umepita kwenye bomba la siti, katikati yao. Tairi ikiwa imebana sana itaizuia, lakini utachoka kuzungusha. Njia rahisi ni kuuelekeza mshikio upande wa nyuma ya fremu, yaani kinyume na kichwa, na kuning'iniza mwisho wake chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa mchanga. Hiyo ni kama gramu 800. Isogeze kwenye mshikio mpaka fremu iache ubishi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi mitambo inayoshika fremu kwa tundu la kichwa peke yake. Nimeijaribu: unapitisha chuma chenye nyuzi, unakaza kwa vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama pia, inashika vizuri sana, lakini fremu yote inaning'inia upande mmoja wa mhimili na kila ukiachia inarudi chini kama mlango usio na kitasa.

Kabla ya rangi, ziba yaliyobaki. Boksi la pedali liwekee vikombe vyake vya zamani, nyuzi chache tu ziingie. Kama bado hujavitoa na kimoja kinakukatalia, angalia upande wa mnyororo: kwenye fremu za mtindo wa Kiingereza kikombe cha upande huo kina nyuzi za kinyume, kinafunguka kwa kuzungushwa kulia. Watu wengi wamevunja spana pale wakidhani ni kutu. Tundu la kichwa jaza karatasi ngumu iliyoviringishwa, juu na chini. Midomo ya nyuma ifungie ekseli kuukuu kwa nati na wosha zake. Wosha zinalinda pale pale nati itakapokaa baadaye, na hiyo ekseli inakupa mahali pa pili pa kushika ikitokea dharura. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye chuma, itafute kabla hujaipaka na uinakili. Usiijaze praima nene mpaka isomeke kwa kubahatisha. Siku ukiulizwa baiskeli ni ya nani, namba hiyo ndiyo shahidi wa babu yako.

Machozi yaliyokwisha kukauka usiyabandue kwa kucha wala kisu. Subiri yawe magumu hadi ndani, siku mbili tatu, halafu yasugue kwa msasa wa maji namba 400 uliozungushiwa kipande cha mti bapa. Ukisugua kwa kidole, kidole kitachimba pembeni na kuliacha tone. Yakishalingana na bomba, isugue fremu yote kidogo ipoteze mng'ao, ifute vumbi, ndipo uirudishe kwenye mtambo.

Huko Shinyanga adui yako wa kiangazi ni vumbi na upepo, kwa hiyo amka mapema. Mwagia maji uwanja wote unapofanyia kazi saa moja asubuhi, subiri ardhi inywe, kisha anza. Tafuta kivuli. Chuma kilichopigwa na jua kinakausha rangi juu kabla ya ndani, na unapata vipele. Tikisa kopo kama maelekezo yake yanavyosema, na zaidi kidogo.

Anzia kwenye vichochoro: kuzunguka boksi la pedali, katikati ya miguu ya nyuma, chini ya maungio ya kichwa. Geuza fremu kila kichochoro kikuelekee, usilazimishe kopo liingie kwa kupindwa. Ndipo umalizie mabomba marefu. Ukianza na mabomba marefu, unapokuja kwenye kona vumbi la rangi linatua kwenye bomba lililoanza kukauka na kuliacha na ukwaru kama wa msasa. Kopo liwe umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono uanze kutembea kabla hujabonyeza na uendelee kutembea baada ya kuachia. Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi kwamba bado unaona praima. Utatamani kuifunika yote mara moja. Tamaa hiyo ndiyo iliyokuliza mwembeni.

Kila ukimaliza upande, zungusha robo. Ukimaliza mkono mzima, kaa karibu na mshikio kwa dakika ishirini hivi na uendelee kuugeuza robo moja kila baada ya dakika mbili au tatu, taratibu, kama mtu anayegeuza muhogo kwenye makaa. Kwa rangi ya kopo unaweza kuacha mapema, inajishika haraka. Lakini kama umeamua kutumia rangi ya mafuta na brashi, na kwa fremu ya chuma nzito mimi siidharau hata kidogo, inajaza vizuri na ina uvumilivu, basi nusu saa nzima usiondoke. Hapo mtambo huu unalipa kuliko kwa kopo, maana rangi ya brashi ni nzito na inatembea kwa muda mrefu. Kati ya mkono na mkono fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, usifuate ushauri wa anayepita njiani.

Foku usiihangaikie. Ile ndoo ya pili ijaze mchanga au kokoto, simika ndani yake kipande cha nondo ya milimita 16 au mti ulionyooka, na uivishe foku juu chini, shingo yake ikiingia kwenye nondo na miguu ikiangalia juu. Zungushia tepu ya karatasi kwenye nyuzi za shingo kwanza. Foku ni nyepesi, ukitaka kuipindua unaichomoa na nondo yake na kuilaza kwenye mawe mawili.

Kuna mafundi wanaotumia habu mbovu, yaani kitovu cha gurudumu: wanakata spoki zote, wanaipigilia habu kwenye ubao, halafu wanaifunga midomo ya nyuma ya fremu kwenye ekseli yake. Gololi zinafanya izunguke laini ajabu. Ni mtambo mzuri kwa anayetengeneza fremu kila wiki na ana habu za kuchezea. Kwako wewe mwenye fremu moja, bomba la maji linatosha.

Na jirani akikuazima jiliwa baadaye, jiliwa libane lile bomba la maji. Lisiiguse fremu. Chuma cha Phoenix ni kinene lakini bomba tupu likibanwa ubavuni linabonyea, na fremu za alumini za siku hizi zinabonyea kabla hujahisi mkono umekaza.

Siku ya kuitoa, legeza bolti ya siti, lizungushe bomba kidogo kushoto na kulia ndipo ulivute. Kama rangi imejenga daraja kwenye mdomo wa bomba la siti, pitisha wembe kulizunguka kwanza. Bibi yako atataka kuiona imesimama siku hiyo hiyo, najua. Mwonyeshe ikiwa bado kwenye mtambo. Vikombe vya kichwa vinaingia kwa kugongwa, na rangi ya siku moja itapasuka kuzunguka ukingo wake. Kwa rangi ya kopo subiri wiki, kwa rangi ya mafuta wiki mbili, na unapogonga weka kipande cha mbao kati ya nyundo na kikombe.